Tulipopima Giza la Chamwino

Kifaa cha kupimia mwanga wa anga la usiku ni kitu kidogo sana. Vile tulivyovitumia sisi, ukiondoa betri na waya, vingeweza kukaa ndani ya kiberiti. Kiini chake ni chipu yenye dirisha dogo, na chipu hiyo ina kazi moja: ikipata mwanga hutoa mapigo ya umeme. Mwanga ukiwa mwingi mapigo hufuatana upesi hata hayahesabiki kwa sikio. Mwanga ukipungua mapigo hutengana. Usiku usio na mwezi, mbali na taa za watu, unaweza kusubiri karibu dakika nzima kati ya pigo moja na jingine, na ndiyo maana anayepima giza hutumia muda wake mwingi akiwa amekaa kimya.

Naandika haya kwa sababu wako wapendwa katika usharika wetu ambao mpaka leo husema taa za kanisa zilibadilishwa kwa kuwa mwalimu wa fizikia alileta mashine kutoka chuo kikuu na mashine ikatoa hukumu. Mambo hayakwenda hivyo. Mashine ilipofika haikuwa na haki ya kutoa ushahidi wowote, na karibu Oktoba yote tuliitumia kuichunguza yenyewe kabla hatujaiuliza neno juu ya taa. Habari ya taa ni fupi. Habari ya uchunguzi ndiyo ndefu, na ndiyo iliyoigusa imani yangu.

Taa ziliwekwa baada ya wizi. Kanisa letu liko kando ya barabara ya vumbi, nje kidogo ya Chamwino, kilometa kama 30 mashariki mwa Jiji la Dodoma. Wazee wetu waliijua Chamwino kama kijiji cha ujamaa alichokipenda Mwalimu Nyerere. Leo ina Ikulu mpya iliyozinduliwa Mei 2023, lakini sisi wa pembeni tuliendelea na vibatari muda mrefu. Nguzo za umeme zilipofika tulitoa sadaka ya shukrani, na shukrani ile ilitoka moyoni. Kisha usiku mmoja watu wakavunja dirisha la ofisi wakachukua amplifaya na betri ya sola. Amplifaya ile tulikuwa tumeichangia kwa misimu miwili ya alizeti. Baraza la wazee, nami nikiwamo, likanunua taa mbili kubwa za ulinzi, fundi akazifunga juu ya mnara wa kengele zikitazama mbele. Jumapili iliyofuata tulihubiriwa kutoka Mathayo 5, habari za mji uliojengwa juu ya mlima. Wengi tulilia kwa furaha.

Mwaka uliofuata likaja pendekezo la kuongeza taa nne. Hapo ndipo manung'uniko yaliyokuwa chini kwa chini yakajitokeza. Mlinzi alisema akisimama chini ya taa zile hawezi kuona chochote ng'ambo ya ua: "Mwizi ananiona, mimi simwoni." Mama mmoja wa kwaya, mjane, ambaye njia yake ya kurudi nyumbani hupita korongoni, alisema anapotoka kwenye mwanga wa kanisa anaingia korongoni kama kipofu, na huko kuna fisi. Wengine wakajibu kwamba basi tatizo ni uchache wa taa. Na mimi nilikuwa na jambo langu ambalo sikulisema barazani.

Mama yangu haoni. Vikope vilimwanza akiwa binti, kama vilivyowaanza wanawake wengi wa Ugogo wa rika lake, kope zikageukia ndani zikawa zinakwaruza jicho mwaka hadi mwaka. Nyota ndizo zilizotangulia kumpotea. Nilipokuwa darasa la tano bado aliweza kuonyesha kwa kidole. Nilipomaliza chuo cha ualimu alikuwa anajua jua kwa joto lake. Lakini hakuacha kuuliza. Kila mwaka mvua zikikaribia huniuliza jioni, "Kilimia kimetoka?" Kwa watu wa umri wake Kilimia ni kalenda. Kile kikundi kidogo cha nyota kikianza kuchomoza mashariki jua likizama, yaani mwezi wa Novemba, shamba liwe limeshasafishwa na mbegu ya uwele iko tayari. Msomaji wa Biblia anakijua pia, kwa maana wafasiri wetu walilitumia jina hilohilo katika Ayubu 38 na Amosi 5.

Nyumba yangu iko mbele ya kanisa, hatua kama mia mbili. Novemba ya kwanza baada ya taa kuwekwa mama aliniuliza swali lake la kila mwaka, nikatoka mlangoni, nikaweka kiganja juu ya macho. Nikamwambia, "Mama, sikioni. Taa za kanisa zinanimulika usoni." Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi na wewe."

Sikumjibu. Nilizunguka nyuma ya nyumba nikakiona Kilimia juu ya zizi, nikarudi kumwambia kimetoka. Lakini neno lake lilinikaa.

Vihisi vililetwa na mtoto wa kaka yangu, anayesoma fizikia chuo kikuu hapa Dodoma. Aliingia na mfuko wa nailoni, "Shikamoo, shangazi," akamwaga mezani vitu sita vyenye waya. Yeye na wenzake walikuwa wamevitengeneza ili kulinganisha anga la jijini na la vijijini, ila kabla ya kuvitumia ilibidi vijaribiwe mahali penye giza la kweli, akakumbuka shamba la zabibu la baba yake. Alikuwa akiviita sensa. Jirani aliposikia tunajaribu sensa alikuja kuuliza kama Serikali imeamua kutuhesabu tena, maana Agosti 2022 alihesabiwa na watoto wake wote. Tangu siku ile tukaviita vihisi.

Nieleze kidogo kipimo chenyewe. Weusi wa anga hutajwa kwa namba iliyotokana na madaraja ya nyota ya Wagiriki wa kale, na inakwenda kinyume na tulivyozoea: namba ikiwa kubwa, giza ni zaidi. Anga safi kabisa, bila mwezi wala taa, hukaribia 22. Katikati ya mji mkubwa ni 17 au 18. Hatua moja ni tofauti ya mwanga ya mara mbili na nusu hivi, na hatua tano ni mara 100, kwa hiyo 17 na 22 ziko mbali kuliko zinavyoonekana kwenye karatasi. Kipima-anga kinachotumiwa zaidi duniani hutengenezwa Kanada na kampuni ya Unihedron, na ndani yake mna chipu ya aina ileile waliyoinunua vijana wetu. Mtengenezaji huyo mwenyewe hatoi ahadi ya usahihi unaozidi sehemu moja ya kumi ya hatua. Mtu anayeuza mizani na kukuambia mwanzoni inaweza kupotoka kiasi gani, huyo nampenda.

Jaribio la kwanza lilikuwa la kopo. Unakifunika kihisi kabisa, mwanga usiingie hata kidogo, halafu unasikiliza. Mtu angetegemea kimya kitupu. Haiwi hivyo. Chipu iliyofunikwa hupiga mara chache hata kama haioni kitu, kwa sababu joto lake lenyewe husukuma umeme kidogo ndani yake. Pigo hilo halina tofauti yoyote na pigo la mwanga. Ukilisikia peke yake huwezi kujua kama limetoka kwenye nyota au limetoka kwenye joto. Kwa hiyo lazima ujue kila kihisi hupiga mara ngapi kikiwa hakioni, katika baridi na katika joto, ili uyatoe mapigo hayo kwenye hesabu.

Oktoba ya kwetu mnaijua. Mchana bati haligusiki, na saa mbili usiku ukuta bado una moto. Tulivipanga vihisi sita uani, kila kimoja chini ya kopo la maziwa lililozungushiwa kitambaa cheusi, na mpwa wangu akaunganisha kila kimoja na kispika kidogo kinacholia *tik*, ili tusihitaji kuwasha kompyuta na kuharibu giza. Vitano vilikaa kimya dakika nyingi. Cha nne kiliendelea kupiga, tik, tik, kama kilichowekwa chini ya taa ya barabarani. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Akauliza, "Hicho kimoja kinaona nini humo koponi?"

Tulicheka sana. Lakini usiku ule nililala nikiliwaza swali hilo, na sababu ni hii. Mume wangu alipofariki, miaka sita iliyopita, niliendelea kusimama kanisani na kushuhudia. Nilisema Bwana ni mwema kwa sauti ileile, kwa maneno yaleyale, na watu waliitika. Ndani sikuwa naona kitu. Nilikuwa nimefunikwa. Na hapa uani nilikuwa nimejionea jinsi kitu kilichofunikwa kinavyoweza kuendelea kutoa mapigo safi kabisa, yasiyotofautiana na yale ya anayeona. Je, ushuhuda wangu wa miaka ile ulikuwa imani, au lilikuwa joto la mazoea tu? Waebrania 11 hutuambia kwamba imani inahusu yale yasiyoonekana, na mstari huo nimeufundisha Shule ya Jumapili mara nyingi. Lakini sheria ya Musa haimpokei shahidi anayesimulia asichokiona. Maneno hayo mawili sikuweza kuyaweka pamoja.

Alfajiri, hewa ilipopoa, cha nne kilinyamaza kama wenzake. Hakikuwa kibovu. Kilikuwa chepesi wa kushika joto, na mpwa wangu akasema ni vigumu kupata chipu mbili zinazofanana kabisa hata zikitoka kiwanda kimoja siku moja. Alitaka kukitupa. Nikamwambia akiache kikae na wenzake, ila kisihesabiwe kuwa shahidi.

Jaribio la pili linahitaji shamba. Unaviweka vihisi vyote bega kwa bega, vyote vikitazama juu kabisa, chini ya anga moja kwa usiku mmoja, na unalinganisha wanachosema. Jambo hili limefanywa na wakubwa kuliko sisi. Aprili 2011 wataalamu wa Uholanzi walikusanya vipima-anga tisa kabla ya kuvisambaza nchini mwao, wakavilaza pamoja usiku baada ya usiku. Vyote vilikuwa vya aina moja. Hata hivyo vilitofautiana hadi asilimia 14 juu na chini. Nilipenda namna walivyoamua. Hawakuchagua kimoja wakakiita mkuu na vingine vikapimwa kwa hicho. Walichukua wastani wa vyote tisa, wakaangalia kila kimoja kimepotoka kiasi gani kutoka kwa wenzake, wakakirekebisha kwa kiasi hicho. Baada ya marekebisho tofauti ile ya asilimia 14 ilishuka hadi nusu ya asilimia moja. Tena waligundua kwamba mawingu yanayopita, pamoja na kifaa kuinama kidogo tu upande mmoja, hufanya vifaa viwili vizuri vionekane vinabishana, kumbe vinatazama vipande tofauti vya anga kwa sekunde tofauti.

Basi na sisi tulifanya hivyo, kwa ubao wa fundi seremala wenye matundu sita na timazi ya mwashi. Mwezi ulikuwa umekwisha. Mama alisema anakuja. Nilimwambia kuna upepo na njia ina mashimo. Akasema yeye mashimo yote ni mamoja. Tukampakia kwenye bajaji hadi shambani, tukamketisha kati ya mizabibu, na mpwa wangu akawasha kispika kimoja tu.

Kimya. Mbali mbwa walibweka wakaacha. Nikaanza kudhani waya umekatika. Halafu: tik.

"Ndiyo hiyo?" mama akauliza.

"Ndiyo, bibi."

"Tena?"

"Subiri, bibi."

Akaanza kuhesabu kwa Kigogo, polepole, midomo ikicheza. Alipita thelathini, akapita arobaini. Tik. Akainua uso juu kana kwamba kuna mtu amemwita. "Giza bado lipo," akasema. Kisha akatuagiza tumwambie kilichoko upande gani. Tukamwambia: Njia ya Maziwa inalala magharibi, inashukia kwenye weupe wa taa za Dodoma na kupotelea humo, mashariki Kilimia ndiyo kwanza kinapanda. Akauliza kina nyota ngapi leo. Mpwa wangu akaona sita. Mimi, na miwani yangu, nikaona tano. Mama akasema zamani yeye aliona saba, na kwamba dada yake aliona sita na walikuwa wakigombana. Tukahesabu tena, tukagombana na sisi.

Nilikuwa nimelikalia swali la kopo kwa wiki nzima, na pale kati ya mizabibu nilimuuliza. Nilimuuliza anajuaje kwamba Kilimia kipo, yeye asiyekiona miaka zaidi ya thelathini. Sikutaka jibu la kiroho na hakunipa. Alisema alikiona zamani. Kwamba kila mwaka huniuliza mimi, na huwauliza jirani na watoto wanaochunga, na tukisema tofauti anajua kuna anayedanganya au kuna wingu. Na kwamba mvua huja. Akaomba khanga ajifunike.

Sijui kama wapendwa wengine wataona jambo hapo, lakini mimi niliona. Sikuweza kujua peke yangu kama mapigo ya moyo wangu wakati ule wa msiba yalikuwa ya imani au ya mazoea, kwa sababu kihisi hakina njia ya kujijua kikiwa peke yake. Pigo ni pigo. Waliokuwa kando yangu chini ya anga lilelile ndio wangeweza kusema. Na kwa kweli walikuwepo. Kuna mama aliyekuwa akinifuata baada ya ibada na kuniambia, bila ukali, "Leo umesema lakini hukuwepo." Wakati ule nilimwona mjeuri. Kuna mzee ambaye kila nikiomba naye alipunguza sauti mpaka na mimi nikapunguza yangu. Walikuwa wakinilinganisha na wenzangu na kunirekebisha kidogo kidogo. Waebrania 11 hawajaandikiwa mtu mmoja koponi; sura ile imejaa majina ya watu, mmoja baada ya mwingine, na inayofuata inaanza kwa kuwaita wingu la mashahidi. Hilo halikuondoa uzito wote wa swali langu. Bado ziko Jumapili ambazo nasikia tik na sijui imetoka wapi.

Vihisi vitano vikiwa vimesharekebishwa, tukavipeleka mbele ya kanisa. Mwenyekiti wa baraza alituruhusu kuzima taa kwa nusu saa, mlinzi na vijana wawili wakakaa macho. Taa zikiwaka, vihisi vilipiga kila baada ya sekunde moja au mbili. Zikizimwa, vilirudi kusubiri, ingawa si kama shambani. Hapo hapakuwa na la kubishania, maana vyote vitano vilisema jambo moja, na Kumbukumbu la Torati 19 inaridhika na wawili au watatu. Sehemu kubwa ya mwanga tulioununua ilikuwa ikipita juu ya vichwa vyetu, inapiga matawi ya mbuyu na kwenda zake angani. Umeme wake tulikuwa tukiulipia kwa luku kutoka kwenye sadaka.

Kuhusu korongo hatukutumia kihisi. Tulimwomba yule mama wa kwaya apite njia yake taa zikiwaka, kisha apite tena baada ya kukaa gizani. Macho ya binadamu huhitaji dakika kama 20 hadi 30 kuzoea giza sawasawa, na taa moja kali huyarudisha mwanzo papo hapo. Mara ya pili alipita bila kujikwaa. Lakini aliporudi alisema jambo ambalo nawaomba wanaopenda sana habari za nyota walisikie: kwamba ni kweli ameona njia, ila ameogopa vilevile, na kwamba anayesifia giza mara nyingi ni mtu ambaye halazimiki kulipita peke yake.

Kikao cha baraza kilikuwa kirefu. Mhazini alitaka kujua, "Mwalimu, na hivyo vidude vikikosea je?" Nikafurahi, kwa sababu hilo ndilo swali tulilokuwa tumelijibu mwezi mzima, na nikawaeleza habari ya kopo na ya ubao wenye matundu, pamoja na habari ya kihisi cha nne. Mzee mmoja ninayemheshimu alisimama akasema giza ni la shetani na kanisa halina biashara ya kulitetea. Nilimjibu kwa heshima kwamba katika sura ya kwanza ya Mwanzo Mungu mwenyewe ndiye aliyelipa giza jina, akaliita usiku, na siku ikahesabiwa kuanzia jioni; kwamba alipotaka kumpa Abrahamu ahadi alimtoa nje ya hema usiku na kumwambia ahesabu nyota; na kwamba taa ya Mathayo 5 huwekwa juu ya kiango ili iwaangaze waliomo nyumbani, nasi yetu ilikuwa ikiangaza popo. Akasema, "Abrahamu hakuwa na amplifaya." Baraza lote likacheka, na mimi nikacheka, na nadhani hapo ndipo tulipoanza kuelewana.

Niliwaambia pia mambo ya nje, kwa ufupi. Ramani ya dunia iliyochapishwa mwaka 2016 na Fabio Falchi na wenzake ilionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya wanadamu hawawezi tena kuiona Njia ya Maziwa kutoka wanakoishi. Mwaka 2023 Christopher Kyba na wenzake walichambua taarifa zaidi ya 51,000 za watu wa kawaida walioangalia nyota kati ya 2011 na 2022, wengi wao wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, wakakuta anga likizidi kung'aa kwa karibu asilimia 10 kila mwaka. Walitoa mfano: mtoto akizaliwa mahali panapoonekana nyota 250, akifikisha miaka 18 ataona 100 hivi. Mhazini akauliza kama Chamwino imo. Nikamwambia ndiyo maana mpwa wangu ana vihisi sita.

Tuliamua hivi. Taa nne hazikununuliwa. Zile mbili ziliteremshwa kutoka mnarani, zikafungwa chini ya paa zikitazama ardhini, fundi akazikatia vikofia vya bati. Moja huwaka mtu akipita tu, na mlinzi anasema hiyo inamsaidia kuliko zile zote za mwanzo, maana ikiwaka ghafla anajua kuna mtu. Fedha iliyobaki ilitengwa kwa taa ndogo ya sola kwenye kivuko cha korongo, ya kimo cha kiuno. Yule mzee alipiga kura ya hapana na akachangia shilingi zake za taa ya korongo siku hiyohiyo.

Novemba tulipima tena kabla ya mawingu ya mvua. Mbele ya kanisa pigo lilikuwa limechelewa sana kuliko mwanzo, ingawa halijafikia la shambani na halitalifikia, kwa sababu upande wa magharibi weupe wa jiji unapanda mwaka hata mwaka na huo hauna fundi wa bati kwetu. Mama alitaka asikie mwenyewe. Alihesabu hadi kumi na kitu, akasema inatosha, akauliza kama uwele umeshachambuliwa.

Taa ya korongo iliwekwa Januari. Wiki ya tatu betri yake iliibwa. Tumeanza kuchanga tena, na mama wa kwaya kwa sasa husindikizwa na vijana wawili wa kipaimara, ambao wanadai kulipwa karanga. Kihisi cha nne kipo kwangu, juu ya kabati, ndani ya kopo lake. Mpwa wangu amesema atakuja kukichukua msimu wa baridi.